Utabiri wa hali ya hewa na bahari nchini Tanzania

Utabiri wa hali ya hewa na bahari nchini Tanzania ni taarifa za kitaalamu zinazoeleza jinsi mvua, upepo, joto na mawimbi yanavyotarajiwa kuwa katika saa, siku au miezi ijayo. Taarifa hizo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake TMA. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania utabiri wa hali ya hewa umetajwa kati ya mambo ya Muungano, kwa hiyo taasisi moja inahudumia Tanzania Bara na Zanzibar.

Watumiaji wa taarifa hizo ni wengi: wavuvi na manahodha wa pwani, marubani, wakulima, wafugaji, wahandisi wa barabara, na viongozi wanaosimamia maafa. Mvuvi wa Kilwa au Nungwi anataka kujua kama wiki hii anaweza kutoka na chombo chake. Mkulima wa Iramba au Manyoni, mkoani Singida, anataka kujua kama mvua iliyonyesha jana ni mwanzo wa msimu au ni ya kupita tu. Ingawa Singida iko zaidi ya kilomita 450 kutoka baharini, pepo zinazoendesha mawimbi ya pwani zina sehemu kubwa pia katika kuleta au kuzuia mvua za kanda ya kati. Kwa sababu hiyo taarifa za bahari na taarifa za mvua za bara zinatoka katika mfumo mmoja, na ni vizuri kuzielewa kwa pamoja.

Historia

Upimaji wa hali ya hewa kwa vyombo ulianza katika nchi hii wakati wa ukoloni wa Wajerumani. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa ajili ya maeneo waliyotawala Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi. Idara hiyo iliendelea kuwa ya pamoja hata baada ya uhuru, ikiwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kuwa na huduma yake. Tanzania iliunda Kurugenzi ya Hali ya Hewa kwa sheria ya mwaka 1978. Mwaka 1999 kurugenzi hiyo ikawa Wakala wa Serikali, na kwa sheria ya mwaka 2019 wakala huo ukawa Mamlaka. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo mkataba wake ulianza kutumika tarehe 23 Machi 1950. Ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Hali ya Hewa Duniani.

Katika historia ya dunia, utabiri wa kila siku kwa ajili ya umma ulizaliwa kutokana na ajali za baharini. Mwezi Oktoba 1859 dhoruba kali ilizamisha meli Royal Charter karibu na pwani ya Wales, na mamia ya watu wakafa. Baada ya hapo Robert FitzRoy, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianzisha utaratibu wa kukusanya vipimo kwa njia ya simu ya maandishi na kupeleka maonyo bandarini. Mwaka 1861 utabiri wake ulianza kuchapishwa katika gazeti la The Times. Tangu wakati huo kazi ya mtabiri haijabadilika katika msingi wake: kupata vipimo vya mahali pengi kwa haraka, na kuwafikishia watu onyo kabla ya hatari yenyewe kufika.

Jinsi utabiri unavyoandaliwa

Hatua ya kwanza ni kupima. Katika vituo vya hali ya hewa watumishi husoma kipimajoto, barometa, chombo cha kupima mvua na chombo cha kupima upepo kwa saa zilizopangwa kimataifa, ili vipimo vya nchi zote viweze kulinganishwa. Katika Afrika Mashariki mvua ya siku husomwa saa 3 asubuhi. Siku hizi viko pia vituo vinavyojipima vyenyewe na kutuma takwimu bila mtu kuwepo. Rada huonyesha mahali ambapo mvua inanyesha na inakoelekea. Satelaiti, hasa zile za Ulaya zinazoitwa Meteosat, hupiga picha za mawingu ya bara lote la Afrika mchana na usiku.

Hatua ya pili ni hesabu. Vipimo hivyo huingizwa katika kompyuta zenye nguvu ambazo hukokotoa, kwa kanuni za fizikia, jinsi hewa itakavyosogea, itakavyopoa au kupata joto. Wazo hili lilielezwa na Mnorwe Vilhelm Bjerknes mwaka 1904, na Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kulitekeleza kwa kalamu na karatasi katika kitabu chake cha mwaka 1922. Jaribio la kwanza lililofaulu kwa kompyuta lilifanyika Marekani mwaka 1950.

Hatua ya tatu ni kazi ya binadamu. Mtaalamu hulinganisha matokeo ya kompyuta na vipimo vya asubuhi hiyo, pamoja na ujuzi wake wa nchi: milima, maziwa na tabia za kila eneo. Kisha huandika taarifa kwa lugha ambayo mvuvi, mkulima na mwalimu wanaweza kuielewa.

Kusi na kaskazi

Katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka hugawanyika kufuatana na pepo mbili kubwa. Upepo hupewa jina la upande unakotoka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini na kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Novemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Kati ya vipindi hivyo pepo hulegea na kubadilika-badilika. Wanabahari wa Kiswahili huita majira hayo maleleji.

Chanzo cha mabadiliko hayo ni jua. Kuanzia Desemba hadi Februari jua huwa upande wa kusi wa ikweta. Bara la Asia hupoa, hewa yake huwa nzito, na pepo husukumwa kutoka huko kuja Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo kaskazi, iliyoleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa kwa karne nyingi. Kuanzia Juni hadi Agosti hali hugeuka: Asia hupata joto kali, na pepo hutoka katika eneo la hewa nzito lililoko kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene. Hiyo ndiyo kusi, ambayo iliwarudisha mabaharia hao kwao.

Pamoja na jua husogea pia ukanda wa makutano ya pepo, yaani mahali ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa hupanda juu, hupoa na kuwa mawingu ya mvua. Ukanda huo hupita juu ya Tanzania mara mbili kwa mwaka: ukienda kusini kuanzia Oktoba, na ukirudi kaskazini kuanzia Machi. Mikoa ya kaskazini na pwani ya kaskazini hupata misimu miwili ya mvua, yaani vuli (Oktoba hadi Desemba) na masika (Machi hadi Mei). Kanda ya kati, magharibi na kusini hupata msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili.

Hali ya bahari

Taarifa ya bahari ina mambo makubwa matatu: upepo, mawimbi, na maji kujaa na kupwa.

Nguvu ya upepo hutajwa kwa kilomita kwa saa au kwa noti. Noti moja ni sawa na kilomita 1.852 kwa saa. Angalizo ambalo husikika mara nyingi kwa pwani ya Tanzania ni la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Katika kipimo cha Beaufort, kinachotumiwa na mabaharia duniani kote, upepo huo uko katika daraja la 6. Nchi kavu upepo wa daraja hilo hutikisa matawi makubwa ya miti. Baharini huleta mawimbi makubwa yenye vilele vya povu jeupe kila mahali. Kwa meli kubwa hali hiyo ni ya kawaida, lakini kwa ngalawa, mtumbwi au boti ndogo ya mashine ni hatari.

Ni muhimu kujua kwamba urefu wa mawimbi unaotajwa katika taarifa za bahari si urefu wa wimbi kubwa kuliko yote. Kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa zaidi. Wimbi moja moja linaweza kufika karibu mara mbili ya kipimo hicho. Kwa hiyo anayesikia "mita 2" asishangae akikutana na wimbi la karibu mita 4.

Maji kujaa na kupwa hayatokani na upepo bali na mvutano wa mwezi na jua. Katika pwani ya Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mwezi na jua huvuta kwa mstari mmoja, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huwa kubwa. Hayo huitwa bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, tofauti hupungua na huitwa maji mafu. Kwa kuwa mwendo wa mwezi unajulikana kwa hesabu, jedwali la maji kujaa na kupwa huweza kuandaliwa mwaka mzima kabla. Upepo hauwezi kutabiriwa kwa njia hiyo.

Mambo haya matatu hukutana. Upepo unapovuma kinyume na mkondo wa maji, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama, na chombo kidogo hujaa maji kwa urahisi. Upepo mkali ukija wakati wa bamvua maji yamejaa, bahari huweza kupanda hadi kwenye nyumba na mashamba ya ufukweni. Kwa sababu hiyo msomaji wa taarifa ya wiki anapaswa kuangalia pia umri wa mwezi.

Majira ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, ndiyo yenye bahari chafu zaidi. Tarehe 18 Julai 2012 meli MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi, na watu wengi walipoteza maisha.

Vimbunga

Vimbunga vya kitropiki huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hadi 27 za Selsiasi au zaidi. Karibu na ikweta havitokei, kwa sababu nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo huizungusha hewa, ni ndogo mno hapo. Ndiyo maana Tanzania hupigwa mara chache kuliko Msumbiji au Madagaska. Hata hivyo mara chache si sawa na kamwe. Mwaka 1872 kimbunga kiliharibu vibaya Unguja pamoja na mikarafuu yake. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi.

Mwezi Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania lakini kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika eneo la Mafia na pwani ya kusini. TMA ilitoa taarifa kwa siku kadhaa mfululizo, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Mvua zilizofuatana nacho zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga.

Vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hufuatiliwa pia na kituo cha kanda kilichoko katika kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa. Taarifa zake hutumiwa na nchi zote za eneo hili.

Mkoa wa Singida na kanda ya kati

Katika taarifa za TMA, mikoa ya Singida na Dodoma huunda kanda ya kati. Sehemu kubwa ya mkoa wa Singida ni uwanda wa juu wenye mwinuko wa takriban mita 1,200 hadi 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake ni takriban milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na halijoto hubadilika kati ya nyuzi 15 hivi mwezi Julai na nyuzi 30 hivi mwezi Oktoba. Mazao makuu ni alizeti, mtama, uwele, mahindi na vitunguu.

Kusi, ambayo huchafua bahari, hufika Singida ikiwa kavu. Hewa yake hupanda milima na nyanda za mashariki na kuacha unyevu wake huko, kisha huvuka uwanda bila mvua. Kwa hiyo kati ya Mei na Oktoba anga la Singida huwa jeupe, usiku huwa wa baridi, na upepo huvuma kwa nguvu na vumbi. Upepo huo ni maarufu kiasi kwamba kumekuwa na mipango ya kuutumia kuzalisha umeme. Katika kipindi hicho maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyoko mjini Singida, hupungua maji, kwa kuwa hayana mto unaotoka na maji yake hupotea kwa kugeuka mvuke. Ndiyo maana pia ni ya chumvi.

Mvua za Singida huja wakati ukanda wa makutano ya pepo unaposhuka kusini. Hewa yenye unyevu hutoka pande mbili: baharini kwa upande wa mashariki, na misitu ya Kongo kwa upande wa magharibi. Zikikutana juu ya uwanda huo, mawingu makubwa ya radi hujengeka mchana na mvua hunyesha alasiri au jioni. Mara nyingi kuna kipindi cha ukavu katikati ya msimu, karibu na Februari.

Joto la Bahari ya Hindi lina uzito mkubwa hapa. Maji ya upande wa Afrika yanapokuwa na joto kuliko kawaida, na ya upande wa Indonesia yakapoa, mvua za mwisho wa mwaka huongezeka Afrika Mashariki. Hali ikiwa kinyume, huja ukame. Hali ya El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, mara nyingi huongeza nguvu ya jambo hilo, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na mwaka 2023. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang' hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, jirani na Singida. Watu zaidi ya 80 walikufa. Bahari iliyopata joto mbali sana ilihusika na msiba wa mlimani, mahali ambapo wengi hawajawahi kuiona bahari.

Aina za taarifa na maana ya maneno yake

TMA hutoa taarifa za vipindi mbalimbali:

- Utabiri wa saa 24, kwa mikoa yote pamoja na bahari na maziwa makuu.
- Utabiri wa siku 5 wa hali mbaya ya hewa unaozingatia athari, yaani unaoeleza si mvua au upepo tu bali madhara yanayoweza kutokea.
- Mwelekeo wa siku 10, unaotumiwa sana na wakulima.
- Mwelekeo wa mwezi na wa msimu (vuli, msimu, masika na kipupwe).

Tahadhari hutolewa kwa rangi. Njano ni angalizo: watu wawe macho na kufuatilia taarifa. Rangi ya machungwa ni tahadhari: wawe tayari kuchukua hatua. Nyekundu ni tahadhari kubwa: wachukue hatua mara moja. Rangi huamuliwa kwa kuangalia mambo mawili pamoja, yaani uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake.

Baadhi ya maneno yana maana maalumu ambayo ni tofauti na ya mazungumzo ya kawaida:

"Mvua kubwa" ni mvua inayozidi milimita 50 katika saa 24. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Katika ekari moja milimita 10 ni takriban lita 40,000.

"Mvua za wastani" katika taarifa za msimu ni mvua zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali hapo. Chini ya asilimia 75 ni "chini ya wastani", na zaidi ya asilimia 125 ni "juu ya wastani". Kwa hiyo wastani wa Singida si wastani wa Bukoba. Mvua ambayo Bukoba ingehesabiwa kuwa ukame, Singida ingeweza kuwa mafuriko.

"Maeneo machache" maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mkoa inaweza kubaki kavu. Kijiji kisichopata mvua siku hiyo hakithibitishi kwamba utabiri ulikosea.

Usahihi na mipaka yake

Utabiri ni kauli ya uwezekano. Mtaalamu akisema uwezekano wa mvua ni wa 7 kati ya 10, maana yake ni kwamba katika siku 10 za namna hiyo, siku 3 zitapita bila mvua. Siku hizo 3 ni sehemu ya utabiri wenyewe.

Uwezo wa kutabiri hupungua kadiri siku zinavyosonga mbele. Mwaka 1963 Mmarekani Edward Lorenz alionyesha kwamba tofauti ndogo sana katika vipimo vya mwanzo hukua siku hadi siku mpaka matokeo yanakuwa tofauti kabisa. Hata hivyo maendeleo ni makubwa. Kwa jumla, katika miongo ya karibuni, kila baada ya takriban miaka 10 utabiri umepiga hatua ya siku moja: utabiri wa siku ya 5 leo una usahihi uliokaribia ule wa siku ya 4 miaka 10 iliyopita.

Katika nchi za tropiki kazi ni ngumu zaidi kuliko Ulaya. Huko mvua nyingi huletwa na mifumo mikubwa inayosafiri kwa siku kadhaa. Hapa mvua nyingi hutoka katika mawingu ya radi yenye upana wa kilomita chache, yanayozaliwa mchana na kufa jioni. Ikungi inaweza kupata mvua na Singida mjini ikakosa, nayo miji hiyo si mbali. Upepo wa kusi, kwa upande mwingine, ni mfumo mkubwa na wa kudumu. Kwa sababu hiyo utabiri wa upepo na mawimbi ya siku kadhaa zijazo kwa kawaida huaminika zaidi kuliko utabiri wa mvua ya kijiji kimoja.

Elimu ya jadi

Kabla ya vyombo vya kisasa watu wa pwani na bara walikuwa na njia zao za kusoma majira. Wanabahari Waswahili walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, na kuugawa katika makundi ya siku kumi kumi yaliyoitwa miongo. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kusafiri na wakati wa kupandisha vyombo ufukweni. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, bado inakumbusha kalenda hiyo. Inavutia kuona kwamba TMA nayo leo hutumia kipindi cha siku 10 katika taarifa zake za kilimo.

Nyota pia zilitumika. Kundi la nyota linaloitwa Kilimia lina jina linalotokana na kulima, kwa kuwa kuonekana kwake kulihusishwa na kazi za shamba. Katika kanda ya kati watu hutazama mibuyu inapochipua majani, joto la Oktoba linavyozidi, na upepo unavyogeuka kutoka mashariki kwenda magharibi. Baadhi ya dalili hizi zina sababu za kisayansi: upepo wa magharibi, kwa mfano, huleta hewa yenye unyevu wa Kongo. Hata hivyo dalili za jadi hazitoi kipimo cha mvua wala tarehe ya dhoruba, na haziwezi kuonya juu ya kimbunga kilicho bado mbali baharini.

Matumizi ya taarifa ya wiki

Anayesoma au kusikia taarifa ya wiki anapaswa kujiuliza maswali manne: inahusu eneo gani, ni kuanzia lini hadi lini, kiasi gani kinatarajiwa, na uwezekano wake ni upi. Swali la tano analijibu mwenyewe: nikikosea, hasara yangu ni ipi?

Swali hilo la mwisho lina majibu tofauti kwa watu tofauti. Mvuvi wa ngalawa akibaki nyumbani kwa sababu ya angalizo la njano na bahari ikatulia, amepoteza mapato ya siku moja. Akitoka na upepo ukaja, anaweza kupoteza chombo na uhai. Kwake uwezekano mdogo wa hatari unatosha kumzuia. Nahodha wa meli kubwa, mwenye chombo kinachohimili mawimbi ya mita 2, anaweza kwenda kwa tahadhari ileile, akifuata masharti ya mamlaka za usafiri wa majini.

Mkulima wa Singida anakabiliwa na hesabu ya aina nyingine. Mvua ya kwanza ya Novemba inaweza kumdanganya: hupanda, mbegu huota, kisha jua huwaka wiki mbili au tatu na miche hukauka. Ikiwa hana mbegu nyingine, amepoteza msimu. Lakini akichelewa sana, mahindi yake hukutwa na ukavu wa Februari yakiwa yanatoa mbelewele. Kwa hiyo mwelekeo wa siku 10 una thamani kubwa kwake kuliko utabiri wa kesho. Mvua ikinyesha, na mwelekeo ukionyesha siku nyingine za mvua mbele, achimbe kidogo aone unyevu umefika kina gani kabla ya kupanda. Mwelekeo ukionyesha ukavu, ni heri asubiri, au apande sehemu tu ya shamba na kuchagua mtama au uwele, ambayo huvumilia ukavu kuliko mahindi. Alizeti huweza kungoja hadi mwishoni mwa Desemba au Januari.

Taarifa za TMA hutangazwa kwa redio, televisheni, magazeti, intaneti na mitandao ya kijamii. Maafisa ugani, shule, viongozi wa vijiji na vikundi vya usimamizi wa fukwe huzifikisha kwa wasiozisikia. Utabiri wa siku 5 hubadilishwa kila siku kufuatana na vipimo vipya, kwa hiyo taarifa ya Jumatatu haitoshi kwa safari ya Alhamisi. Anayetoka baharini au anayejiandaa kupanda anapaswa kutumia taarifa ya siku hiyohiyo.